Sitaki Nyongeza, Nataka Yangu

Kitako cha sado ya plastiki, kile kikopo cha kupimia nafaka, hakilainiki haraka. Unaishika juu ya makaa yaliyoanza kufunga majivu, unaizungusha taratibu kama mtu anayechoma mhindi, na ukisikia harufu ya plastiki unaitoa. Unaipindua, unachukua kikombe cha bati, unakandamiza kitako kiingie ndani, kisha unamwagia maji ya baridi. Kikishapoa kinabaki hivyo hivyo, kimevimba kwa ndani kama mgongo wa kobe. Mteja aliyesimama mbele yako haoni kitu, kwa sababu macho yake yako juu, kwenye kile kilima cha maharage unachokijenga kwa kiganja.

Nilifundishwa hivyo mwaka 2009, wiki yangu ya pili katika soko la Mbuyuni hapa Moshi. Aliyenifundisha alikuwa mtu mwema, na sisemi hivyo kwa kejeli. Alinikopesha gunia la kwanza bila riba, na nilipougua malaria alinifungulia banda siku nne na hesabu yangu nikaikuta kamili. Sado aliniinamishia kama fundi anavyomwonyesha mwanafunzi namna ya kunoa msumeno. Akasema, "Bila hii utafunga kabla ya Pasaka."

Kwa wasioishi huku, sado ni kile kikopo cha lita nne, na jina lake tumelitoa kwenye makopo ya rangi ya Sadolin. Sado tano zinajaza debe moja, na debe sita zinajaza gunia. Gunia moja la haki basi linatoa sado thelathini. Langu lilikuwa linatoa thelathini na tatu. Hizo tatu za juu ndizo zilizolipa ushuru, zikamlipa mlinzi, na mwaka ulipokuwa mzuri zikaezeka nyumba.

Hapo sijasema habari za upande wa pili. Msimu wa mavuno nilikuwa napanda lori hadi vijiji vya Kiteto, na kule nilinunua kwa lumbesa, yaani gunia linashindiliwa, halafu linaongezewa kichwa cha juu kinachoshonwa kwa kamba mpaka linafanana na mtu aliyejitwika mzigo. Debe saba, wakati mwingine saba na nusu, kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu lumbesa na kila mmoja wetu alilijua hilo. Tulikuwa tunasema kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mkulima ndiye aliyekuwa majani, ila hilo hatukulisema.

Sasa nieleze nilikuwa nani siku za Jumapili. Nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa mjini. Baba yangu alibatizwa mtoto, na babu yake ni miongoni mwa wale waliosomeshwa na wamisionari wa Leipzig, ambao walifika Machame mwaka 1893. Kwetu Ulutheri ni kama kihamba, shamba la ukoo, unarithiwa pamoja na migomba. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya kuhesabu sadaka, na katika miaka yote ile haikupungua hata mia moja. Nilijivunia mno jambo hilo. Shilingi ya Mungu niliishika kama yai.

Na baada ya ibada kuna mnada. Anayesali kwetu anajua: watu wanaleta mkungu wa ndizi, kuku, mayai, boga, na vyote vinanadiwa pale nje ya mlango wa kanisa. Nakumbuka mkungu mmoja wa mshare ambao sokoni usingezidi elfu kumi na tano. Nilipandisha mpaka elfu sitini. Kina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akatania kwamba Mangi leo ameamua kununua shamba zima. Nikaubeba begani mwenyewe hadi kwenye gari, suti na yote.

(Hilo jina la Mangi nalo lina maneno yake. Nchi nzima siku hizi muuza duka Mchaga ni Mangi, hata anayeuza vocha. Zamani mangi alikuwa mtawala, ndiye aliyeketi kuamua kesi za mipaka na mifereji. Watu walikuwa wananiita jina la hakimu na mimi naitikia, sado iko mkononi.)

Ungeniuliza wakati ule maana ya haki, ningekujibu bila kusita. Mwenye haki ni mtu asiyelewa, asiye na nyumba ndogo, asiyekosa ibada, anayetoa fungu la kumi. Nilikuwa na orodha, na kila mstari nilikuwa nimeupigia alama ya vema. Kwenye Luka 18 kuna Farisayo aliyesimama hekaluni akamtajia Mungu orodha yake: si mnyang'anyi, si mzinzi, anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka. Nimeisikia mistari hiyo tangu Shule ya Jumapili, na kila mara nilijua wanasemwa watu wengine. Wasabato, labda. Au shemeji yangu.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye banda la chakula karibu na stendi. Ni Mpare wa Same, mjane, anapika makande na wali maharage. Alikuwa mteja wangu kwa miaka miwili, sado tatu za maharage ya njano kila siku isipokuwa Jumapili. Hakuwahi kukopa. Alikuja saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla soko halijachangamka, na kikapu chake cha ukindu, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Siku moja, ilikuwa Alhamisi, alikuja na sado yake mwenyewe. Haikuwa ya plastiki. Ilikuwa ya bati, ya zamani, imeingia kutu ukingoni, na rangi ya kijani bado imegandia kwa ndani. Nilipomaliza kumpimia ya kwanza kwa sado yangu, aliipokea akaimimina ndani ya ile ya kwake. Hakusema kitu. Akasawazisha maharage kwa vidole viwili, akaniinamishia nione. Palikuwa na nafasi ya kuweka ngumi.

Akasema taratibu, "Mangi, sado yako imekula kabla yangu."

Angepiga kelele ningejua la kufanya. Soko lina utaratibu wake wa kelele: na wewe unapaza sauti, majirani wanakuja, mnasuluhishwa, mnacheka. Yeye alinong'ona, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba zipu yake iko wazi. Nikahisi masikio yanawaka. Nikachota viganja viwili vikubwa vya maharage nikamwongezea, nikacheka cheko la biashara, nikamwambia, "Mama, hiyo nyongeza yako, tusigombane asubuhi."

Alivirudisha. Alikichota kile kilichozidi, kiganja kwa kiganja, akakirudisha kwenye gunia langu mpaka maharage yakalingana na ukingo wa sado yake. Akasema, "Sitaki nyongeza. Nataka yangu."

Akalipa, akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Nimefikiria sana kwa nini neno lile lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa mtu wa nyongeza. Mkungu wa elfu sitini ulikuwa nyongeza. Kiganja cha ziada kwa mteja aliyenuna, shati kwa mlinzi wakati wa Krismasi, elfu tano kwa ombaomba pale mlangoni, zote nyongeza. Nilikuwa nagawa kwa mkono wa kulia vitu vya watu niliovichukua kwa mkono wa kushoto, halafu napokea asante. Nyongeza inakufanya mkubwa. Kumpa mtu kilicho chake hakukufanyi chochote, na hiyo ndiyo shida yake.

Wiki mbili baadaye, jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba ilikuwa inasoma Amosi, na sura ilikuwa ya nane. Nilipewa kusoma mimi, kama kawaida, kwa kuwa nina sauti. Ni wale wauza nafaka wanaotamani sabato iishe upesi wafungue biashara, waipunguze efa na kuiongeza shekeli. Efa ni kipimo cha nafaka cha Waebrania, kama lita ishirini na mbili hivi, yaani debe letu. Shekeli ni uzito waliopimia fedha. Wakiuza wanapunguza kipimo, wakipokea wanaongeza uzito. Sado iliyobonyezwa na lumbesa, miaka zaidi ya elfu mbili na mia saba kabla sijaanza kuuza maharage Mbuyuni. Sauti ilinikatika katikati ya mstari. Watu wakadhani ni mafua, dada mmoja akaniletea maji ya moto yenye tangawizi.

Hapa niseme jambo ambalo sisi Walutheri hatulipendi. Nilikuwa na mahali pa kujificha, na palikuwa mahali pazuri. Kipaimara kilinifundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Basi usiku ule, usingizi uliponikataa, nikajifariji: matendo yetu ya haki ni kama nguo iliyotiwa unajisi, Isaya kasema, hakuna anayeokoka kwa kuuza sado nzima, damu ya Yesu inatosha. Yote ni kweli. Nililitandika fundisho la kweli kama turubai, nikafunika gunia la wizi.

Mke wangu, aliyelelewa Mkatoliki kule Kilema, alinisikiliza asubuhi nikamweleza hayo yote, akasema, "Kwa hiyo Mungu wako ni yule wa kukuhesabia thelathini na tatu wakati ziko thelathini?" Halafu akaenda kukamua ng'ombe. Baba yake na mimi tumebishana miaka kuhusu imani na matendo, tukisindikizwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na mara ngapi nilimtajia kwamba tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili hili, kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema tu, na kwamba huyo aliyekubaliwa anafanywa upya na kuitwa kutenda mema. Nilimtajia tarehe. Nusu ya pili ya tamko nilikuwa naimeza haraka.

Nikapanda kwenda Uru kumwona mwinjilisti mstaafu aliyenifundisha kipaimara. Amepita miaka themanini. Nilimkuta kihambani anapunguza majani ya migomba.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba. Panga la pili liko pale kwenye mbuni. Sema huku unakata."

Nikasema. Nilikata migomba sita kabla sijafika mwisho. Yeye hakusimama hata mara moja, alikuwa anaangusha majani makavu na kuyalaza shinani. Nilipomaliza akauliza, "Unamwogopa nani?"

"Mungu."

"Muongo. Unamwogopa mama wa makande." Akacheka mpaka akakohoa. "Na ni vizuri. Anza na huyo."

Tukakaa kwenye gogo. Akaniambia nifungue Mwanzo 38. Sikuwa na Biblia, nikafungua kwenye simu, naye akanicheka tena. Ni habari ya Tamari, mkwe wa Yuda, aliyefiwa na mume, akaahidiwa kaka mdogo wa marehemu kama ilivyokuwa desturi, na Yuda akamzungusha miaka. Tamari akajifunika uso, akajifanya kahaba njiani, Yuda akalala naye bila kumjua. Mimba ilipojulikana Yuda akaamuru achomwe moto. Ndipo mwanamke akatoa vitu vya Yuda alivyokuwa ameachiwa rehani, muhuri na fimbo na vinginevyo, na Yuda akasema, "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi."

"Sasa wewe mwenye orodha," akasema mwinjilisti, "huyu mwanamke ungempigia alama ya vema mstari gani?"

Nikanyamaza.

"Kilichokuwa kinadaiwa kati yao, yeye alikishika, Yuda alikiacha. Waebrania wanatumia neno hilo moja kwa haki ya Mungu na haki ya mizani. Sisi pia. Mwenye haki, haki yangu, nitendee haki, mawe ya haki kwenye Walawi 19, yote ni haki. Kiswahili kimetusaidia, ila tumelikata vipande viwili, kimoja tunakwenda nacho kanisani, kingine tunakiacha mahakamani."

Nikamuuliza sasa Luther inakuwaje. Mimi nilidhani nitamnasa. Akanieleza kwamba Luther mwenyewe, akiwa mtawa, alilichukia neno "haki ya Mungu". Alikuja kuliandika hilo mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa. Alidhani ni ile haki ya hakimu anayekupima akakuta umepungua. Kila alipolisoma kwenye Warumi 1:17 alitetemeka, mpaka alipoona kwamba inasemwa haki ambayo Mungu anampa mtu, inayopokewa kwa imani.

"Wewe una daftari la madeni dukani?" akaniuliza.

"Ninalo."

"Mtu akishindwa kabisa, ukaamua kumfutia, nani amelipa?"

Nikafikiri. "Mimi. Maharage yalikuwa yangu."

"Haya. Paulo kwenye Warumi 4 anaongea kama muuza duka. Kuhesabiwa. Ujira. Deni. Mungu amefuta, na gharama amebeba yeye. Sasa mtu aliyefutiwa deni anajificha nini nyuma ya gunia?" Akachukua kipande cha gome la mgomba akaanza kukichana nyuzi nyuzi. "Zakayo. Umeimba habari zake ukiwa mtoto. Yesu alimwambia nini kwanza, rudisha pesa, au shuka, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako?"

"Shuka."

"Ndiyo. Chakula kwanza. Mara nne ikaja baadaye, Zakayo mwenyewe akaitaja, hakuna aliyemdai. Ungeanza na mara nne ungekuwa unanunua tena mkungu wa elfu sitini."

Habari ya mnada ilikuwa imefika hadi Uru, kumbe.

Nilishuka nikaichoma ile sado. Ingekuwa hadithi ya ushuhuda ningeishia hapa, na kwaya ingeimba. Lakini soko si ushuhuda. Sado nzima kwa bei ile ile ilikuwa hasara, kwa hiyo nilipandisha bei kidogo, na wateja wakavuka njia kwenda kwa jirani aliyeuza kwa bei ya zamani na sado ya zamani. Wakimkuta bei nafuu nitawaambiaje? Nikinyoosha kidole ninamwaga unga wa watu ambao mimi mwenyewe nimekula nao miaka kumi. Nikanunua mizani iliyohakikiwa, yenye muhuri, nikaanza kuuza kwa kilo. Kina mama wakaiangalia kama wanavyoiangalia chanjo. Mmoja akaniambia kilo haioneki, sado inaoneka. Niliwaza, ungejua.

Miezi minne ilikuwa mibaya sana. Tuliuza ndama. Mtoto wa pili alirudishwa nyumbani mara mbili kufuata ada. Rafiki yangu, yule aliyenifundisha, alikuja jioni moja akakaa kwenye gunia, akasema kwa upole, "Umeokoka, sawa. Ila usituokoe na sisi kwa njaa yako." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Bado tunasalimiana, banda lake liko la tatu kutoka kwangu, na nikisafiri bado anaweza kunifungulia. Najua sado yake ilivyo. Mambo haya siyaelewi vizuri.

Lumbesa niliacha. Mkulima mmoja wa Kiteto nilipomwambia ashone gunia mdomoni, bila kichwa, alinitazama akadhani nimepata matatizo ya akili, kisha akaita wenzake waje waone. Lakini wale wa miaka kumi nyuma? Nilikuwa sijui hata majina ya wengi. Nilinunua kwenye mizigo ya barabarani, usiku, kwa tochi. Hao siwezi kuwafikia. Wapo walioniuzia gunia la mwisho la nyumba, wakapokea bei ya debe sita kwa debe saba, na mwezi wa pili wakawa wananunua unga dukani. Nikiimba wimbo wa toba ndio ninaowaona.

Kwa mchungaji nilikwenda pia. Niliomba nitoke kwenye kamati ya sadaka. Hakubishana, akanipa kazi ya kupanga viti.

Ilibaki mama wa makande. Nilichelewa, na sababu nilizokuwa nazo zilikuwa nyingi na zote za kipumbavu. Mwishowe nikafanya ambalo baba yangu angefanya. Nilikata jani la isale kutoka mpakani mwa kihamba chetu. Isale kwetu Wachaga ni mmea wa mpaka, ndio unaoonyesha shamba lako linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. Ndio huo huo unaobebwa ukienda kuomba msamaha, na mtu aliyeletewa isale hakatai. Nilikuwa nimekua nikiona yote mawili bila kujiuliza kwa nini mmea ni mmoja.

Nikaenda saa tisa alasiri, wateja wamepungua. Alikuwa anakwangua sufuria. Nikamwamkia, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Hili la nini?"

Nikasahau kwamba yeye ni Mpare. Nikaanza kueleza habari za isale, mpaka, msamaha, nikajikuta najikwaa kama mtoto anayetongoza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalichukua, akalichomeka kwenye kopo la mafuta ya kula lililokuwa na maji pale dirishani.

"Nimepokea," akasema. "Sasa tupige hesabu."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nimeamua kumlipa mara nne. Nilisema kwa sauti ya mzee wa kanisa, najua.

"Mara nne ni ya Zakayo," akasema. "Mimi ukinizidishia utakwenda kutoa ushuhuda, na mimi nitakuwa mjane uliyemsaidia. Nataka yangu."

Akaniletea karatasi ya nyuma ya kalenda na kalamu ya mwanawe. Sado tatu kwa siku, siku sita, wiki hamsini kwa mwaka, kwa sababu wiki ya Krismasi na ya Pasaka huenda kwao Same. Katika kila thelathini na tatu, tatu zangu. Tulihesabu, tukakosea, tukarudia. Kwa miaka miwili ilitoka sado mia sitini na tatu na ushee. Tukaigeuza kuwa madebe: thelathini na tatu, kasoro kidogo. Zaidi ya gunia tano za maharage. Nilikuwa nachukua kidogo kidogo, robo ya sado kwa siku na chenga, na kwa siku moja ni kitu kidogo. Aliitazama namba muda mrefu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwaka jana Juni nilimtoa huyu shule kwa muhula mmoja." Mtoto alikuwa palepale, anaosha vikombe.

Sikusema pole. Ingekuwa nyongeza.

Tukakubaliana debe moja kila Jumamosi. Maharage, si pesa. Pesa alisema itaisha bila yeye kuiona. Nilikuwa nabeba mwenyewe kwenye toroli, na yeye anapima kwa sado yake ya bati, tano, akisawazisha kila moja kwa vidole viwili, na kinachozidi anakirudisha mfukoni kwangu. Jumamosi za mwanzo hatukuongea. Kuanzia ya kumi hivi akawa ananiuliza bei za Babati. Ya ishirini aliniambia maharage yana vumbi, nikayarudisha. Isale ilishika mizizi kwenye kopo, akaihamishia kwenye ndoo iliyopasuka. Kanisani kuna mstari tunaousoma wakati wa kutoa sadaka, kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Zamani niliupenda kwa sababu niliusikia kama ahadi ya faida. Siku hizi nikiusikia naona vidole viwili vikipita juu ya bati.

Debe la thelathini na tatu, lile la kasoro, nililipeleka Jumamosi ya mvua. Alipima, akakunja gunia tupu akanirudishia, akachora mstari kwenye ile karatasi ya kalenda iliyokuwa imebandikwa ukutani miezi yote hiyo, imejaa mafuta. Nikageuza toroli.

"Mangi," akaita. "Hujala."

Nikakaa kwenye benchi, kati ya kondakta mmoja na wabeba mizigo wawili. Akaniletea sahani ya makande, imejaa, moshi unatoka. Nilikula yote. Nilipomaliza nikauliza kiasi gani.

"Elfu moja mia tano."

Nikampa elfu mbili. Akafungua kikopo chake, akatafuta, akanipa mia tano yangu.